Huzuni ya Mtoto na Amana ya Mlezi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetia huruma katika nyoyo za wazazi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyekuwa mpole kwa wadogo kuliko watu wote, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, darasa hii nimewaandikia akina baba na walimu wa vyuoni, kwani sisi ndio tushikao bakora, na sisi ndio ambao neno letu hufuatwa majumbani. Maneno yake ni juu ya mtoto aliyeingiwa na ugonjwa wa huzuni, ule ambao leo waitwa sonona: yapi yatupasayo kumfanyia, na yapi yasiyotujuzia ijapokuwa twayafanya kwa nia njema. Sikuandika kwa kuwa mimi ni tabibu. Nimeandika kwa kuwa nalikosa, na mtu ajuaye kosa lake akalinyamazia huwaachia wenziwe walirudie.

KHABARI YA MWANAFUNZI

Yapata miaka ishirini na mitatu sasa. Nalikuwa na mwanafunzi chuoni, umri wake miaka kumi na mmoja, hodari wa kuhifadhi. Baba yake alikuwa mvuvi. Alitoka siku moja wakati wa kusi, na mashua haikurudi. Ilipokwisha arubaini mtoto alirejea chuoni, na sote tukasema, "Alhamdulillahi, amesubiri."

Haikupita miezi miwili akageuka. Aya aliyoijua jana leo haijui. Alikuwa akisinzia juu ya msahafu, na mama yake akasema usiku halali. Chakula akakiacha. Alikuwa mpole, akawa mkali. Mwenziwe akimgusa kidogo humrukia. Mara tumbo lamwuma, mara kichwa. Nikamwita mvivu mbele ya wenziwe. Nikampiga. Siku ya pili nikampiga tena. Siku ya tatu nilipoinua bakora hakulia wala hakujikinga. Alinyosha mkono tu, akatazama ukutani. Hapo mkono wangu ukasita.

Wenziwe walipotoka nikamketisha, nikamwuliza ana nini. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, kila usiku namwomba Mungu nisiamke. Lakini usimwambie mama."

Tutairudia khabari hii. Kwanza yatupasa tuujue ugonjwa wenyewe.

UGONJWA HUU NI NINI

Kila mtoto huhuzunika, na huzuni si ugonjwa. Mtoto akifiwa, au akivunjikiwa na kitu akipendacho, hulia, kisha hucheka tena. Sonona ni huzuni iliyokaa. Matabibu husema: ikiwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, mtoto yu katika unyonge au ukali usio wa kawaida yake, au hana tena raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda, na pamoja na hayo usingizi wake umeharibika, hamu ya chakula imebadilika, nguvu zimemwishia, akili yake haitulii juu ya somo, naye ajiona hana thamani au ataja mauti, basi huyo yafaa aangaliwe na mwenye ujuzi.

Na hapa wengi wetu hukosea. Kwa mtu mzima twaitazamia huzuni katika machozi. Kwa mtoto mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira, ukaidi, uvivu, na maumivu ya tumbo yasiyoonekana sababu. Basi hudhani ni adabu mbaya, tukamtia adabu mgonjwa.

Wala maarifa haya si mageni katika umma wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kupotewa na kipenzi, na ile imjiayo mtu pasi na sababu ajuayo. Hii ya pili akaitia katika mambo yatokayo mwilini, akaipa tiba ya mwili. Na ile ya kwanza akaipa tiba ya maneno na fikira. Na masultani wa Kiislamu walijenga hospitali ambazo wagonjwa wa akili walitibiwa humo pamoja na wagonjwa wengine, kama ile ya Nuruddin mjini Damascus mwaka 549 (1154), na ile ya Qalawun mjini Cairo mwaka 683 (1284).

MASALA YA KWANZA: JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Wako wasemao, "Muislamu wa kweli hahuzuniki hivi, mwambie asali, atapona." Neno hili nusu yake ni jema na nusu yake ni dhulma. Sala ni tulizo la moyo, bila shaka. Lakini kumwambia mgonjwa kuwa anaumwa kwa sababu hana imani ni kumwongezea maradhi ya pili, nayo ni kukata tamaa na Mola wake.

Mwenyezi Mungu ametusimulia khabari ya Nabii Yaakub, jinsi alivyomlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe walimlaumu; Mwenyezi Mungu hakumlaumu. Na Mtume wetu s.a.w. alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu katika dua na hamu na huzuni. Nayo ikiwa si balaa, kwa nini aombe kinga nayo?

Na sisi wafuasi wa Imamu Shafi'i tuna mfano katika wakubwa wetu. Imamu Ghazali ameeleza mwenyewe kuwa mwaka 488 (1095), alipokuwa mwalimu mkuu Baghdad, alifikwa na jambo katika nafsi yake kwa karibu miezi sita, mpaka ulimi ukafungika asiweze kusomesha, na chakula na kinywaji vikawa haviteremki. Matabibu wakasema ni jambo lililoshuka moyoni likaingia mwilini. Ikiwa Hujjatul Islam alifikwa na hayo naye ni mtu mzima na bahari ya elimu, basi mtoto wa miaka kumi na mmoja ana udhuru gani wa kukosa?

MASALA YA PILI: BAKORA

Twaitegemea sana hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba, na kuwatia adabu juu yake wakiwa na kumi. Lakini tumeichukua bakora na kuziacha sharti zake. Mafakihi wetu wamesema: adabu isiwe ya kuumiza, isiwe usoni wala mahali pa hatari, mwalimu asiipitishe ila kwa idhini ya walii, na akimdhuru mtoto, ataulizwa dhamana. Ibnu Hajar al-Haytami aliwaandikia walimu wa watoto kitabu kizima juu ya mambo haya, kwa kuwa aliona hatari yake.

Na sharti lililo kubwa kuliko yote ni kuwa adabu idhaniwe italeta faida. Wamesema wanavyuoni: ikijulikana kuwa kipigo chepesi hakifai kitu, basi hakijuzu hicho chepesi kwa kuwa hakina faida, wala hakijuzu kikali kwa kuwa hakikuruhusiwa kabisa. Sasa nawauliza, ndugu zangu: bakora yaweza kumrudishia mtoto usingizi? Yaweza kumfufulia baba? Basi kumpiga mtoto mwenye sonona hakumo katika adabu kwa namna yo yote, ni kumpiga mgonjwa. Na juu ya hayo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zimemkinga mtoto na adhabu ya kipigo. Na mwalimu aishiye huko hana hoja mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu.

Yule yule Ghazali, katika maneno yake juu ya malezi, amesema mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mzuri baada ya chuo, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake. Hilo lilisemwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, na sisi bado twaona mchezo ni hasara.

MASALA YA TATU: KISOMO, NA WAPUNGAO PEPO

Kisomo ni jambo la sunna, na hatumkatazi mtu kumsomea mwanawe wala kumnywesha kombe. Lakini Ibnu Hajar al-Asqalani amenakili kuwa wanavyuoni wamekubaliana juu ya kujuzu kwake kwa sharti tatu: kiwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu au majina yake au sifa zake, kiwe kwa Kiarabu au kwa lugha ifahamikayo maana yake, na mtu aitakidi kuwa kisomo hakiponyi kwa nafsi yake, bali kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Ama kumfunga mtoto kamba, kumfukiza moshi hata akakosa pumzi, kumpiga ati apigwaye ni jini, kumlaza na njaa, au kumwachisha dawa ya tabibu kwa kuwa mganga ameamrisha, haya yote ni haramu, na mzazi aliyeyalipia ni mshirika katika dhambi yake. Msomee mwanao usiku, umpeleke hospitali asubuhi. Kimoja hakimzuii mwenziwe.

MASALA YA NNE: KUTIBU NA DAWA

Imamu Nawawi ameeleza kuwa kujitibu ni sunna. Ama kwa mtoto jambo lazidi uzito, kwani mali yake na mwili wake ni amana mkononi mwa walii, na mwenye amana hana hiari ya kuzembea. Ikiwa mtoto anataja kufa, sioni njia ya kusema kutibu ni hiari tu: kuilinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Tiba ya kwanza ya matabibu kwa mtoto, khasa maradhi yakiwa si makali, ni mazungumzo: mtoto huketi na mwenye ujuzi mara kwa mara, akafunzwa kuzitambua fikira zake na kurejea kidogo kidogo katika mambo aliyoyaacha. Maradhi yakiwa makali huongezwa dawa. Ile itumiwayo zaidi kwa watoto ni fluoxetine. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za jamii hii ziandikwe onyo, kwa kuwa katika watoto na vijana wachache huzidisha fikira za kujidhuru, khasa mwanzo wa kutumiwa au kiasi kikibadilishwa. Basi baba hana budi amwangalie mwanawe kwa karibu katika majuma hayo ya kwanza, arudi kwa tabibu kwa siku aliyoambiwa, wala asiikate dawa ghafla kwa shauri lake mwenyewe.

Mwenye kuuliza, "Vipi nitampa mwanangu dawa yenye khatari?" jawabu yake imo katika Minhaj ya Nawawi. Amesema pale kuwa baba na babu wana haki ya kumkata mtoto uvimbe, ijapokuwa kukata kuna khatari, ikiwa khatari ya kuuacha ni kubwa zaidi. Hiyo ndiyo mizani: usiitazame khatari ya dawa peke yake, ilinganishe na khatari ya kumwacha. Na mwenye kuipima mizani hiyo ni tabibu mjuzi na mwaminifu, si jirani wala muuza duka.

Akihofu kuwa kidonge kimevikwa gamba la jelatini la mnyama asiyehalali, amwombe tabibu cha namna nyingine. Kisipopatikana kilicho tohara, Nawawi ameeleza katika Majmu'u kuwa kujitibu kwa najisi kwajuzu pasipo badali, isipokuwa kilevi.

Na mtoto mwenye kupambanua mambo aulizwe na aelezwe. Katika madhehebu yetu, wazazi wakiachana, mtoto aliyefikia kupambanua hukhiyarishwa achague akae na nani. Ikiwa neno lake husikizwa katika jambo kubwa kama hilo, itakuwaje asisikizwe katika maumivu ya moyo wake, ambayo hapana ayajuaye ila yeye na Mola wake? Si kwamba tumwachie kukataa tiba. Uamuzi ni wa walii. Lakini asidanganywe akaambiwa dawa ni peremende, wala asiburutwe.

MASALA YA TANO: SIRI

Hapa ndipo narudi kwa mwanafunzi wangu. Aliniambia, "Usimwambie mama." Mtume s.a.w. ametufunza kuwa maneno ya faragha ni amana. Na mimi nalijua kuwa nikiivunja, huenda asiniambie neno tena. Nilikesha usiku ule.

Hukumu yake, kama nilivyoifahamu, ni hii. Amana ipo kwa maslaha ya mwenyewe. Haiwi kamba ya kumwachia aangamie. Nawawi ametaja katika Riyadhu Salihina sababu sita za sharia zinazohalalisha kumtaja mtu asiyekuwapo, na miongoni mwazo ni kutaka msaada wa kuondoa jambo baya, na kuwahadharisha watu na shari. Basi mtoto akitaja kufa, lipelekwe neno hilo kwa aliye na uwezo wa kumlinda, na kwake tu. Lisipelekwe barazani. Lisipelekwe kwa wanafunzi wenziwe. Lisifanywe mfano katika mawaidha ya Ijumaa. Na yeye mwenyewe aambiwe kabla, wala asizungukwe.

Asubuhi nilimwita nikamwambia: "Mwanangu, uliloniambia ni zito, mimi na wewe hatuliwezi peke yetu. Nitamwambia mama yako, nawe utakuwapo. Mengine yote uliyonieleza yatakaa kwangu." Alikasirika. Siku tatu hakunisemesha. Nalipendelea hasira yake kuliko jeneza lake.

Ndugu zangu, msiogope kumwuliza mtoto waziwazi kama anafikiri kufa. Matabibu wanasema kuuliza hakumtii fikira hiyo. Humfungulia mlango wa kusema. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni karibu naye kila awezacho kujidhuru nacho, pamoja na dawa zilizomo nyumbani, na mpelekeni siku ile ile. Wala msimtishe kwa Moto. Mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa juu yake, kwa hadithi ijulikanayo, na aliyebaleghe akiwa mgonjwa ahitaji mkono wa kumshika kabla ya hotuba. Wako waliokuwa wakificha kwa kuogopa polisi. Nanyi jueni kuwa mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosa hakipatani na Katiba. Lakini hata sheria ingekuwa vingine, uhai wa mtoto umetangulia.

MASALA YA SITA: AIBU

Akina baba husema: "Akionekana Port Reitz au Mathari, au Kidongo Chekundu kule Unguja, au Mirembe kule Dodoma, nani atamwoza mwanawe?" Nami nasema: mtoto akivunjika mguu humbebi usiku kwa kujificha. Aibu hii tumeitunga wenyewe, wala haina asili katika kitabu cho chote cha dini. Kumsitiri mtoto ni wajibu. Kumficha na tiba ni khiyana. Kusitiri ni kufunga mdomo wako. Kuficha ni kumfungia yeye mlango.

MWENENDO WA MTUME S.A.W.

Palikuwa Madina na mtoto mdogo, ndugu yake Anas kwa mama, aitwaye Abu Umayr, aliyekuwa na kidege akichezea. Kidege kikafa. Mtume s.a.w. akaingia nyumbani, akamwona mtoto yu na huzuni, akauliza ana nini. Alipoambiwa, akamwita kwa lakabu yake kwa upole, akamwuliza khabari za kidege chake. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 335, alitunga kijitabu juu ya hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida zipatazo sitini. Mimi nazishika tatu: aliiona huzuni ya mtoto, aliuliza sababu, na hakusema kuwa kidege ni kitu kidogo.

Na Bibi Aisha r.a. amepokea kuwa uji mwepesi wa talbina huuburudisha moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Tazameni jinsi huruma ilivyokuwa: hata chakula cha mwenye huzuni kilifikiriwa.

KHATIMA

Mama wa mwanafunzi wangu alimpeleka hospitali, na mjomba wake akafuatana nao kila mara. Dawa hakupewa, alikuwa akizungumza na mwanamke mmoja mwenye ujuzi, kila juma, muda wa miezi saba. Mimi nalimwondolea hifadhi mpya, nikamwachia kurudia alizokuwa akizijua, na alasiri nikimtoa mapema akacheze mpira. Hakupona siku moja. Kuna majuma alirudi nyuma. Lakini siku moja niliwasikia wanacheka nje ya chuo, na sauti moja ilikuwa yake.

Nalimwomba radhi mbele ya wale wale niliomtusi mbele yao. Bakora niliiondoa chuoni, na wanafunzi wangu hawakupungua kuhifadhi.

Leo ni mtu mzima, ana mke na mtoto. Mwaka uliopita alimleta mwanawe kuanza alifu, akanishika mkono akasema, "Maalim, akinyamaza sana, mwulize." Hii ndiyo darasa yote, naye ameieleza kwa ufupi kuliko mimi.

Basi mwenye kusoma karatasi hizi na amtazame leo mtoto wa nyumbani kwake, na yatima wa mtaani kwake, aulize. Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuona huzuni za wadogo, utusamehe tuliyowafanyia kwa ujinga, uwaponye walio wagonjwa, na uwape subira wanaowauguza. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.